Ungekuwa Wewe, Ungeruka?

Nathari fupi kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa na wasomaji wachache mno, na baada ya saa moja ilikuwa imeshakufa. Ilikuwa ya namna hii:

HTZA 140900Z 16012KT 9999 SCT022 29/23 Q1014 NOSIG

Hebu tuisome pamoja, maana nyie ni watu wa kusoma na hili nalo ni andiko. HTZA ni uwanja wa ndege wa Zanzibar. Leo ni tarehe 14. Upepo unatoka upande wa nyuzi 160, kusi yetu ile ile, kwa kasi ya noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Macho yanafika kilomita 10 au zaidi. Mawingu yametawanyika na kitako chake kiko futi 2,200 juu ya uwanja. Joto nyuzi 29, kiwango cha umande nyuzi 23, mgandamizo wa hewa hektopaskali 1014. Halafu neno la mwisho, NOSIG: kwa saa mbili zijazo hakutarajiwi badiliko la maana.

Saa nimeiruka makusudi, kwa sababu ina hadithi yake. 0900Z ni saa ya Greenwich. Mtu wa Nairobi au Dar akiongeza tatu anapata 12 kwenye saa yake ya mkononi. Lakini kichwani mwake hakuna kitu kinachoitwa saa kumi na mbili ya mchana. Jua likiwa utosini ni saa sita. Kwa hiyo sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna njia yetu ya mkato: hatuongezi tatu, tunatoa tatu. 09 toa 3, saa sita mchana. 12 toa 3, saa tisa alasiri. Tulikuwa tunaipiga hesabu hiyo bila hata kuwaza, wapimaji na marubani, na sijawahi kuiona imeandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kupima hali ya hewa kwenye viwanja vya ndege vya pwani, kabla sijahamia kwenye uhariri wa vitabu. Watu huniuliza kazi hizi mbili zinahusiana vipi. Mimi naona ni kazi ile ile: kuna mtu anajua jambo, kuna mwingine analihitaji, na katikati yao kuna maandishi yanayoweza kulifikisha au kulificha. Na ninachotaka kusema leo ni hiki. Brifingi, yaani yale maelezo ya hali ya hewa anayopewa rubani kabla hajaruka, imeboreshwa sana upande wa vipimo na imeboreshwa kidogo mno upande wa msomaji. Anayeilipia tofauti hiyo ni rubani wa ndege ndogo.

Tuanze kwa kuutendea haki ule mtindo wa maandishi. Umekuwa wa kimataifa tangu mwaka 1968, na ulizaliwa katika zama za teleprinta, mashine zilizotuma maneno kupitia waya herufi baada ya herufi. Kila herufi ilikuwa na gharama, basi waliokaa kuutunga wakafanya wanachofanya washairi wazuri: wakakata. Wakakata hadi ukabaki mfupa. Ndani ya mfupa huo kuna masalia ya lugha mbalimbali. Ukungu mwepesi unaandikwa BR, na wanafunzi wengi hudhani ni Kiingereza. Ni Kifaransa, brume. Mvua ya mawe ni GR, kutoka grêle. Moshi ni FU, kutoka fumée. Na mtindo huu una adabu moja ninayoiheshimu mpaka leo: Mrusi, Mbrazili na mtu wa Makunduchi wanausoma sawasawa, hakuna aliye mgeni kuliko mwenzake. Sisemi utupwe. Kompyuta zinauhitaji, na jicho lililozoea linausoma haraka kuliko sentensi.

Shida ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya mtu mwenye uamuzi wa kufanya.

Fikiria mtu huyo ni nani. Rubani wa ndege kubwa ya abiria ana ofisi nzima nyuma yake, watu wanaosoma maandishi haya kwa niaba yake, wanaompangia njia na kumhesabia mafuta. Akishapaa anakwenda kukaa juu huko, futi 35,000, akipita juu ya sehemu kubwa ya mambo haya. Rubani wa Cessna yenye injini moja ndiye ofisi. Yeye ndiye anapanga njia, anapima mizigo, anawasalimia abiria, anakagua mafuta, na pengine ndiye anayefunga mlango wa nyuma. Ndege yake haipiti juu ya hali ya hewa. Inapita ndani yake, au pembeni yake, au chini yake kwenye upenyo uliobaki baina ya wingu na kilima. Wengi wao wanaruka kwa macho: wanahitaji kuona upeo wa macho ili kujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Akiingia kwenye wingu je? Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilichukua watu 20 waliojua kuruka kwa macho tu, kikawaweka katika ndege iliyozibwa wasione nje, na mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia. Takwimu hii inajulikana sana kwa marubani, lakini naomba msomaji wa kawaida aikae nayo kidogo. Maana yake ni kwamba kwa rubani wa namna hiyo brifingi si habari ya kama atalowa au atachelewa. Ni habari ya kama ataendelea kuijua ardhi iko upande gani.

Sasa angalia andiko linavyomfikia. Utabiri wa uwanja wa ndege, ule unaoitwa TAF, unazungumzia uwanja na jirani yake, duara la kilomita nane hivi. Ukiruka kutoka uwanja huu kwenda ule, una maandishi ya duara mbili. Baina ya duara na duara mara nyingi hakuna sentensi iliyoandikwa kwa ajili yako. Kuna ramani pana za eneo zima, zilizochorwa zaidi kwa ajili ya wale wa juu. Lakini ndege ndogo inaishi humo humo katikati. Na viwanja vya porini, vile vya mbugani na visiwani ambako ndege ndogo hasa ndiko zinakokwenda, mara nyingi havina kituo cha kupima. Rubani anampigia simu mtu wa kambi. "Vipi huko?" "Huku safi tu, Kapteni." Safi kwa mtu aliyekaa barazani na chai si lazima iwe safi kwa mtu anayekuja kwa kasi ya noti 120.

Halafu kuna jambo la urefu wa mawingu. Andiko linaupima kutoka kwenye uwanja. Chukua Wilson, Nairobi, uwanja wenye shughuli nyingi za ndege ndogo. Uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Taarifa ikisema kitako cha mawingu kiko futi 1,500, ni kweli tupu, na juu ya uwanja kunaonekana kunaruhusu. Fanya jumla: futi 7,000. Kilele cha Ngong, hapo jirani tu, kinapita futi 8,000. Yaani taarifa ile ile inayosema uwanja uko wazi inasema pia kwamba kilima kimezikwa, lakini haisemi. Msomaji ndiye anatakiwa ajumlishe, asubuhi, abiria wakiwa wanamwangalia. Rubani mwenyeji atajumlisha bila kuombwa. Mgeni je? Mchovu je?

Hili si zoezi la darasani. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi iliangukia safu ya Aberdare, na wote 10 waliokuwemo wakafa. Mabaki yalionekana siku mbili baadaye. Ajali huwa na sababu nyingi zilizosukana, na sina haki ya kuichukua hiyo niigeuze mfano wa hoja yangu. Naitaja kwa sababu moja: ukisimama Nairobi asubuhi ya Juni ukaangalia upande wa milima, unaelewa kwamba baina ya maneno "uwanja uko wazi" na maneno "njia iko wazi" kuna nafasi inayotosha kupoteza ndege nzima.

Nikiwaza riwaya iliyolielewa jambo hili, nawaza moja tu: Vol de nuit ya Antoine de Saint-Exupéry, iliyotoka mwaka 1931. Ni yule yule aliyeandika habari za mtoto wa mfalme. Aliijua kazi hiyo kwa mkono wake. Alikuwa amesimamia kampuni ya ndege za posta kule Argentina. Wengi huisoma kama kitabu cha ushujaa na wajibu, kwa sababu ya Rivière, yule mkuu mgumu aliyebaki ofisini Buenos Aires. Mimi nilipoisoma nikiwa bado mpimaji niliiona ni hadithi ya brifingi iliyochelewa. Rubani Fabien anatoka Patagonia na mifuko ya barua. Jioni inaanza kwa utulivu. Nyuma yake amekaa mtu wa redio, na wawili hao wanazungumza kwa vikaratasi, maana injini inapiga kelele. Usiku unavyoendelea vikaratasi vinageuka kuwa maswali: uliza kituo cha mbele, uliza cha nyuma, kuko vipi? Na kila kituo kinachojibu kinajibu dhoruba. Mkewe anapiga simu ofisini kuulizia. Ofisini wanayo taarifa, na yeye Fabien hana tena njia.

Ukiangalia kwa makini, hakuna mtu mwongo katika kitabu hicho. Kila kituo kilisema kweli kuhusu anga la kwake. Kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha zile kweli kuwa jambo moja mapema, wakati bado kulikuwa na pa kugeukia.

Kazi hiyo ya kuunganisha, kwetu, ilikuwa inafanyika dirishani. Sijui kama nitaweza kuieleza kwa mtu asiyewahi kuiona. Rubani anakuja na karatasi zake, au anakuja kuchukua karatasi. Juu ya meza lugha ni ile ya herufi kubwa. Lakini mazungumzo ni Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa kinafanya kazi ambayo karatasi haiwezi. "Shikamoo mzee, leo kuna nini?" "Marahaba. Leo maleleji, upepo haujui unakotaka kwenda. Ukifika usawa wa Kisiju angalia mkono wa kulia." Katika sentensi mbili umepewa msimu, tabia, mahali na upande wa kutazama.

Tena Kiswahili kina ngazi za shaka ambazo mtindo wa herufi unazipiga panga. Utabiri wa uwanja wa ndege unaruhusiwa kusema PROB30 au PROB40, yaani uwezekano wa asilimia 30 au 40. Chini ya hapo haiandikwi, na kuanzia 50 mtabiri anatumia alama nyingine. Sisi tuna "inaweza kunyesha," tuna "huenda ikanyesha," tuna "yumkini itanyesha," tuna "haikosi kunyesha." Mtabiri mzoefu akikwambia "haikosi," unajua ameliona wingu lile mara mia na mara tisini lilimlowesha. Akikwambia "huenda," unajua naye anaomba Mungu. Asilimia ni sahihi zaidi, sikatai. Lakini msikilizaji anasikia sauti pamoja na neno, na sauti hiyo ndiyo inayombeba mtu kwenye uamuzi.

Swali lililokuja dirishani kila mara, hasa masika, halikuwa la vipimo. Lilikuwa: "Ungekuwa wewe, ungeruka?"

Taratibu zinasema rubani ndiye mwamuzi wa mwisho, na ni sawa iwe hivyo. Ndiye anayejua ndege yake, mafuta yake na mikono yake. Mtu wa hali ya hewa hatakiwi kumwambia nenda wala kaa. Kwa hiyo tulikuwa na namna yetu ya kujibu bila kujibu. Namkumbuka Kapteni mmoja, kijana, mwenye abiria watano wa kwenda Mafia. Karatasi ilisema PROB30, mvua za radi. Akauliza swali lile. Nikamwambia ninachokiona: "Lile wingu la kusini limekaa pale tangu saa tatu, na sasa limeanza kuota kichwa. Wavuvi wa hapa nyuma hawajatoa ngalawa hata moja." Akatoka nje akalitazama. Akarudi, akaomba kikombe cha kahawa, akakaa dakika arobaini. Wingu likaja, likapiga, likapita. Akaruka, akafika, abiria wakaenda zao kwenye mapumziko yao wakilalamika kuhusu kuchelewa.

Hadithi imeishia hapo. Ndiyo shida yake. Brifingi nzuri haina hadithi. Ina kikombe cha kahawa na abiria wenye kinyongo. Brifingi mbaya ndiyo inayoandikwa magazetini, inayoundiwa tume, inayopewa jina. Ndiyo maana siku wakubwa wanapotafuta mahali pa kubana matumizi, dirisha linakuwa jepesi kufunga: hakuna orodha ya watu waliookolewa na mazungumzo. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi dirisha lilifungwa. Tukaambiwa marubani sasa watajihudumia wenyewe kwenye kompyuta, watapata kila kitu, tena kwa haraka. Ilikuwa kweli. Walipata kila kitu.

Miezi michache baadaye, rubani niliyemfahamu vizuri, mtu makini, si wa papara, alikutana na ukuta wa mvua juu ya maji, katikati ya njia. Akageuza, nyuma kukawa kumeshafunga. Akatua kwenye kiwanja kingine kabisa, mafuta yakiwa yamebaki ya kuhesabu, abiria wake mmoja akilia kwa sauti. Wote wazima, alhamdulillahi. Jioni alikuja kuniona na karatasi alizochapa asubuhi. Kurasa kumi na moja. Akaniwekea kidole ukurasa wa tisa, mstari mmoja, baina ya tangazo la taa mbovu kwenye uwanja asioutumia na onyo la eneo lililo mbali na njia yake. Mvua za radi, njia yake, saa yake. Akaniambia, "Nilipewa. Siwezi kusema sikupewa. Lakini hakuna mtu aliyeniambia."

Tofauti hiyo, baina ya kupewa na kuambiwa, ndiyo inayonifanya niandike haya. Katika uhariri tunaijua. Muswada unaweza kuwa na kila kitu na usiseme chochote.

Na si tatizo la kwetu peke yetu. Marekani, nchi yenye ndege ndogo nyingi kuliko nyingine yoyote, ilianza kuhudumia marubani kwa vituo vya redio vya ndege za posta mwaka 1920, na baadaye ikajenga utaratibu ninaouonea wivu: unapiga simu bure, mtu anapokea, unamweleza unatoka wapi unakwenda wapi na ndege gani, anakusomea kwa mpangilio. Mpangilio wenyewe una hekima, unaanza na hatari. Mwaka 2005 sehemu kubwa ya huduma hiyo ilikabidhiwa kampuni binafsi, isipokuwa Alaska. Vituo vingi vikafungwa, na leo marubani wengi wanajisomea wenyewe kwenye simu zao. Hata wakati wa sauti kulikuwa na ugonjwa wake. Kuna tamko rasmi la kumwambia rubani kwamba kuruka kwa macho hakushauriwi. Lilitamkwa mara nyingi mno, kwa wingu dogo na kwa wingu kubwa, hata marubani wengi wakaanza kulisikia kama mtu anavyosikia adhana ya msikiti wa mtaa wa pili: ipo, lakini si ya kwako. Onyo linalotolewa kila siku ili mtoaji asilaumiwe halimlindi anayeonywa.

Alaska walifanya jambo ambalo mhariri yeyote angelipenda. Huko milima inabana, vijiji havina barabara, na ndege ndogo ndiyo daladala. Mamlaka ya anga ikaweka kamera kwenye njia za milimani na kwenye viwanja vidogo, leo zipo sehemu zaidi ya 200, na rubani anafungua anaona picha ya sasa hivi ya ile ile njia anayotaka kupita, pembeni yake picha ya siku safi ili alinganishe: hiki kilima kilitakiwa kionekane, mbona hakionekani? Haikuongezwa nambari hata moja. Kilichoongezwa ni jicho mahali ambapo zamani palikuwa na kimya baina ya duara na duara. Kwetu tayari marubani wanatumiana picha za mawingu kwenye simu, mtu wa kambi anapiga anatuma. Hatua ya kutoka hapo kwenda kwenye kamera chache zilizofungwa mahali pa maana, zinazoonekana na kila mtu, si safari ya mwezini.

Najua pingamizi. Mtabiri mmoja hawezi kumwandikia kila rubani barua yake. Na akiandika kwa maneno ya kawaida, akakosea, watamshika kwa maneno hayo mahakamani, wakati nambari zinamficha vizuri. Hili la pili ni zito kuliko la kwanza. La kwanza linatatulika: kompyuta inayojua njia yako, urefu utakaoruka na saa yako inaweza kuutoa ule mstari wa ukurasa wa tisa ikauweka juu kabisa, na ikajumlisha futi za wingu na futi za kilima ikakwambia kilima hakionekani. Mitambo ya kufanya hivyo ipo. Lakini la pili linahitaji watu wakubaliane kwamba kusema shaka yako waziwazi ni sehemu ya kazi na si kosa, na kwamba rubani akirudi aulizwe alichokiona, taarifa yake iingie kwenye brifingi ya anayefuata. Manahodha wetu wa majahazi walikuwa wanafanya hivyo bandarini bila sheria yoyote. Anayeingia anamwambia anayetoka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima inatosha, ana muda wa kuanua. Kwa aliyeko angani dalili yenyewe ndiyo balaa, ikishaonekana imeshafika, na kwa hiyo anahitaji mtu wa kumwambia kabla ya dalili.

Kama ningerudishwa kwenye ile meza leo, nikaambiwa niandike brifingi moja ya safari ya Dar kwenda Mafia namna ninavyotaka, nisingezitupa zile herufi kubwa. Ningeziacha chini, kwa atakayetaka kuhakiki. Juu yake ningeandika hivi:

Kapteni, jambo kubwa leo ni mvua za radi baina ya Kisiju na delta ya Rufiji, kuanzia saa nane mchana. Kilichobadilika tangu asubuhi: zimewahi kwa saa mbili. Mafia kwenyewe kuzuri sasa hivi, usidanganywe na uzuri huo, tatizo liko njiani. Upepo nina hakika nao. Saa sina hakika nayo, huenda zikawahi zaidi. Ukikuta pazia kabla ya Kisiju, geuza hapo hapo; Dar itabaki wazi nyuma yako mpaka saa kumi. Ukishatua tupigie utuambie ulichokiona. Kuna mwenzako anaondoka saa tisa.

Ni maneno kama sabini. Yanaingia kwenye skrini ya simu bila kusogeza kidole. Akiyasoma atajua hatari iko wapi, nini kimebadilika, mimi mwenyewe nina shaka na nini, mlango wa kutokea uko upande gani, na kwamba kuna mtu mwingine nyuma yake anayemtegemea. Kama ataruka au ataomba kahawa, hilo ni lake.